Kongosho la Tusekile

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali ya juzi juzi, katika mji mmoja wa milimani kwenye baridi kali, aliishi daktari mtafiti aliyeitwa Twilumba Mgaya. Wenzake walitafiti moyo, walitafiti mapafu, walitafiti malaria. Yeye alitafiti kongosho, kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari mwilini.

Madaktari wenzake walisema mtu aliyeugua kisukari tangu uchanga, kongosho lake limekufa. Atachoma sindano maisha yake yote. Twilumba akasema, "Si wote. Wapo ambao insulini wanayo, ila mlango wa kuitoa umekwama. Tukiwapata watu hao, kidonge kitaufungua."

Akaandika, akakataliwa. Akapima wagonjwa hamsini, hakupata. Akaandika tena, akakataliwa tena. Akapima mia mbili, hakupata. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Mwaka wa ishirini akachoka. Akamwita Mzee Mpangala, mtaalamu wa maabara aliyefanya naye kazi tangu mwanzo.

"Nafunga utafiti. Sampuli za damu zilizobaki kwenye friji zimwage."

"Zimebaki kumi na moja, Daktari."

"Mwaga zote."

Mpangala hakuwahi kuvunja agizo hata siku moja. Lakini aliposhika kichupa cha kwanza, mkono ukakataa. Akakipima. Hakuna kitu. Akapima cha pili. Hakuna kitu. Akaendelea, na alipofika cha tisa, mashine ikaonyesha insulini iliyotengenezwa na mwili wenyewe. Akadhani mashine imeharibika. Akarudia, ikawa vilevile. Akarudia mara ya tatu, vilevile. Mzee wa miaka hamsini na nane akatoka mbio, koti jeupe likipepea, mpaka ofisini kwa Twilumba, akamkuta anapanga vitabu kwenye maboksi.

"Daktari, nimekuasi. Sikumwaga. Tazama hapa."

Twilumba akaitazama karatasi. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Damu hii ni ya nani?"

Ilikuwa ya Tusekile, fundi cherehani wa miaka ishirini, aliyechomwa sindano tangu akiwa na miezi miwili. Wakamwita, akaja na baba yake. Twilumba hakuwaficha kitu.

"Mwanangu, tutakuondolea sindano na kukupa vidonge. Nikiwa sahihi, hutachoma tena. Nikikosea, sukari itapanda, na tukichelewa unaweza kufa."

"Kuna mtu mmeshamjaribu?" baba akauliza.

"Hapana. Utakuwa wa kwanza."

Baba akamshika binti yake mkono waondoke. Tusekile hakuinuka.

"Baba, sindano hizi nachoma mimi. Niache niamue mimi."

Akalazwa, akaanza vidonge. Siku ya kwanza sukari ikafika kumi na nane. Siku ya pili ikafika ishirini na mbili. Siku ya tatu asubuhi Tusekile alitapika, midomo ikamkauka, na Twilumba akaandaa sindano.

"Inatosha, mwanangu. Tuache."

Tusekile akausukuma mkono wake. "Mpaka saa sita, Daktari."

Saa nne, ishirini na moja. Saa tano, kumi na saba. Wauguzi wakaacha chai zao, wakaja kusimama mlangoni. Saa sita, kumi na mbili. Mpangala alikuwa akisoma namba kwa sauti. Saa tisa, saba. Namba ya mtu mzima wa afya. Baba yake Tusekile akamkumbatia Twilumba akasahau hata kwamba alikuwa amemnunia siku tatu. Mwezi ukaisha, Tusekile hakuchoma sindano. Na kwa njia hiyohiyo wakapatikana wagonjwa saba wengine, nao wakaachana na sindano.

Basi hospitali ikajenga kliniki ya kisukari, na bodi ikaamua ipewe jina la mtu mmoja tu. Wakaitwa watatu.

Twilumba akasema, "Niliamini peke yangu miaka kumi na tisa. Bila wazo langu, Mpangala angepima nini?"

Mpangala akasema, "Ni kweli. Lakini siku imani ilipohitajika kuliko siku zote, Daktari aliagiza nimwage. Bila mimi, jibu lingeishia kwenye sinki."

Tusekile akasema, "Wazo lilikuwa kwenye karatasi, na jibu lilikuwa kwenye kichupa. Lakini mngekosea, nyinyi mngeandika ripoti. Mimi ningezikwa."

Bodi ikabishana wiki nzima, haikuelewana. Fundi rangi yuko juu ya ngazi mpaka sasa, brashi mkononi, ukuta mbele yake ni mweupe. Haya, nyinyi mliosikia yote, mwambieni: aandike jina la nani?