Kila Mtu Achukue Kazi Yake

Haya, mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Na waoga je?
Ndio sisi!
Basi sogeeni, kaeni karibu karibu, maana hadithi hii ina meno.

Hapo kale, katika nyika moja kavu, wanyama walichimba mfereji. Haukuwa wa mtu mmoja. Ulianza kwenye chemchemi kilimani, ukateremka mpaka kidimbwini, na taratibu zake zilikuwa nyepesi: anayetaka kunywa, anywe, anayeona pamebomoka, azibe.

Chura aliziba nyufa kwa matope. Bi Kobe alipanga mawe kingoni. Nungunungu alichimba. Na Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mrija na miguu kama njiti, alifagia majani yasizibe maji. Faga, faga, faga, asubuhi mpaka jioni.

Kisha akaja Kiboko. Tuseme kweli, Kiboko alifanya kazi. Alijitupa, tumbu! Akaburuta tumbo, na palipokuwa na kidimbwi pakawa bwawa. Wanyama wakamshangilia. Lakini tangu siku hiyo alilala katikati ya bwawa, na kila aliyeleta kazi yake alikutana na mdomo.

Chura alileta matope. "Haya ni matope au kinyesi?" Kiboko akanguruma. Chura akanywea.

Nungunungu aliuliza achimbe wapi. "Mjinga huyu! Chimba kaburi lako!" Nungunungu akanywea.

Sange alipita na majani yake. "Shikamoo, Mzee Kiboko." Kiboko hakuitikia. Alipanua mdomo tu, mpana kama mlango, meno kama michi. Harufu ya majani yaliyooza ikamfunika Sange mwili mzima. Miguu yake ikagonga chini yenyewe, tip tip tip tip, na hakuweza kuizuia.

Asubuhi moja Bi Kobe alileta jiwe. "Jiwe bovu, na kichwa chako kibovu!"

"Baba, lina ubaya gani jiwe hili?" Bi Kobe aliuliza kwa upole.

Kiboko aliinua mguu. Akaushusha. Kacha!

Sange alikuwa chini ya majani, hatua tatu tu kutoka pale. Aliona gamba la Bi Kobe likipasuka kutoka shingoni mpaka mkiani. Aliona Bi Kobe akitambaa bila kulia. Hakutoka kumsaidia. Alitaka, lakini mwili ulikataa, na jambo hilo lilimuuma kuliko woga wenyewe.

Jioni ile wanyama walikutana kwenye mawe ya juu kilimani, wakiongea kwa kunong'ona.

"Tuweke kanuni," alisema Bi Kobe, gamba lake limefungwa kwa utomvu. "Anayefanya kazi hapa asitukanwe, asikanyagwe."

"Mimi sizipendi kanuni," alisema Nungunungu. "Leo mnakataza matusi, kesho mtakataza miiba yangu. Halafu Kiboko anachimba kutushinda sote. Akiondoka je?"

"Na wenzetu walioondoka kwa matusi yake?" aliuliza Bi Kobe. "Hujawahesabu kwa sababu waliondoka kimya."

"Haya, tuseme kanuni ipo," alisema Chura. "Nani atamwambia?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Mimi naogopa," alisema Sange.

"Sote tunaogopa, mwanangu," alisema Bi Kobe.

"Naogopa, lakini najua anachokipenda. Anapenda kuambiwa vyote ni vyake. Kesho nitamwendea. Ninyi mkae mahali mtakaposikia."

Kesho yake Sange alisimama ukingoni. Tip tip tip, miguu ikagonga.

"Shikamoo, Mzee. Wenzangu wanataka kanuni. Mimi nimewaambia, kanuni aitoe mwenye bwawa."

Kiboko aliinua kichwa, maji yakamtiririka. Maneno hayo yalimpendeza. "Kanuni yangu ni moja. Nitasema nitakalo. Asiyeweza kuvumilia, achukue kazi yake aondoke. Bwawa libaki langu!"

"Wa nyuma hawakusikia, Mzee."

"Achukue kazi yake aondoke!"

"Hata Bi Kobe?"

"Kila mtu achukue kazi yake aondokeee!" Nyika nzima ikatikisika.

"Tumesikia, Mzee," alisema Sange, akakimbia.

Walingoja jua la utosi, saa ambayo Kiboko hathubutu kutoa mgongo wake nje ya maji. Ndipo wakaenda mferejini na kingoni mwa bwawa, mmoja mmoja, roho mikononi.

Chura akachukua matope yake. Bi Kobe akachukua mawe yake. Nungunungu alisitasita, akamtazama Bi Kobe na gamba lake, kisha akafukia alipochimba. Sange akarudisha majani yake yote. Faga, faga, faga.

Maji mapya yakakatika, na ya bwawani yakaanza kuvujia kwenye nyufa. Chururu, chururu. Mgongo wa Kiboko ukaonekana. Chururu. Tumbo likaonekana.

"Nani anaiba bwawa langu?" Akachupa kuwafuata, matope yakamshika magoti. Akavuta, yakamshika mapaja. Alikuwa karibu kiasi kwamba mate yake yalimrukia Sange usoni.

"Rudisheni kazi yenu!"

"Kazi ipi, Mzee?" Sauti ya Sange ilitetemeka. "Matope mabovu? Mawe mabovu?"

Jua likamchoma. Ngozi ikaanza kupasuka. Kiboko akanguruma, kisha akaomba, kisha akalia kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake. Nungunungu akasema wamwache pale pale.

"Hapana," alisema Bi Kobe. "Mpeni maji. Mimi najua kupasuka kunavyouma."

Wakachimba mfereji mwingine, kwa njia ya ule wa kwanza, wakampitishia maji kidogo. Kanuni wakaisema kabla ya maji kufika: usimkanyage mwenzako, kwa mguu wala kwa mdomo. Kiboko akasema, "Nimekubali."

Akatoka, akachimba kimya, akachimba vizuri. Lakini miguu ya Sange haikuacha kugonga kila alipopita karibu naye. Siku moja Chura alileta matope, na Kiboko akapanua mdomo wake wote. Kazi ikasimama. Bi Kobe akaweka mguu juu ya jiwe lake. Nungunungu akasimamisha miiba.

Kiboko akawatazama mmoja mmoja. Akafunga mdomo polepole.

"Nilikuwa napiga miayo," alisema.

Funzo lake, ukimuuliza Kiboko, ni hili, wanangu: kanuni ni za wanyonge wasio na kazi. Wakubwa hawana haja nazo kabisa. Wao hupiga miayo tu.

Mimi nimemaliza, na hadithi hii siyo mali yangu. Anayeitaka aichukue, akiona pamebomoka azibe.