Mkanda wa Mawe na Kizimba cha Langoni

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana leo sisimulii ili mlale. Nasimulia nikiwa na hasira, na mwisho nitawatupia mzigo ulionishinda mwenyewe.

Katika mji wa Kibaoni waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Tausi, muuza mchicha, hakuwahi kusahau uso wa mtu. Bibi Nyemo, muuguzi mstaafu, alikuwa na subira. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia jibu. Na mzee Chilongani, fundi cherehani, alijaliwa sauti. Akisema neno sokoni, watu huacha kupatana bei wakamsikiliza.

Akaja mtu wa nne. Alijiita Dokta Zuberi, kwa udaktari ambao hakuna chuo kinachoukumbuka. Alikodi kizimba cha langoni mwa soko, kile kizuri kuliko vyote, chenye bati na kivuli, akaanza kuuza mikanda ya kitambaa iliyoshonewa mawe meusi ndani. "Mawe ya mlima wa moto!" alitangaza. "Yanavuta presha kutoka kwenye damu. Vaa mkanda, tupa vidonge!"

Tupa vidonge! Mtu mzima na akili zake anawaambia wagonjwa hivyo hadharani, na sisi tukapanga foleni.

Alikuwa na spika, na kwenye spika alirekodi sauti za watu tisa waliosema wamepona. Ya kwanza na nzuri kuliko zote ilikuwa ya mzee Chilongani: "Ndugu zangu, nimevaa mkanda, najisikia kijana." Sauti ile ilizunguka kuanzia asubuhi mpaka soko linafungwa.

Siku moja Chilongani aliangukia cherehani yake. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Akalala nyumbani akilishwa uji na binti yake, na huku sokoni sauti yake ikaendelea kusema anajisikia kijana. Zuberi alijua. Alipita mbele ya nyumba ile kila siku. Hakuizima.

Tausi ndiye aliyeanza kukereka. Meza yake ilitazamana na kizimba kile, na kwa miezi kumi na mmoja alikuwa ameona kila aliyenunua. Akajiuliza: hawa tisa tunawasikia, wengine je? Kila alasiri akawa anafunga mboga zake mapema, anakwenda mlango kwa mlango. Aliwapata wanunuzi sitini na watatu. Tisa ni wale wa kwenye spika. Arobaini na wawili hawakuona badiliko lolote, mikanda wameitupia uvunguni. Kumi hali zao zimekuwa mbaya zaidi. Wawili wamezikwa.

"Mbona hamkusema?" aliwauliza.

"Tungemwambia nani, dada?" mama mmoja akamjibu. "Spika alipewa aliyefurahi. Mimi nilidhani ni mwili wangu tu ndio mkaidi."

Tausi akampelekea Bibi Nyemo hesabu ile. Bibi akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, hii inatisha. Lakini atasema walivaa vibaya, au siku zao zilikuwa zimefika. Tuupime mkanda wenyewe."

Akanunua mikanda kumi na miwili. Akashona mingine kumi na miwili, kitambaa kilekile, uzito uleule, lakini ndani akatia kokoto za barabarani alizozipaka masizi. Ndani ya bitana akaficha uzi mwekundu kwa ile ya Zuberi, mweupe kwa ile ya kokoto. Akaichanganya yote kwenye gunia, na watu ishirini na wanne waliokubali kupimwa wakachomoa kila mtu wake. Hawakujua wamevaa upi, na hata yeye hakujua. Akawaapisha wasiache kidonge hata kimoja. Kwa mwezi mzima akawa anawapima presha kila asubuhi na kuandika.

Siku ya mwisho akafumua bitana mbele yao. Presha za nyuzi nyekundu na za nyuzi nyeupe zilikuwa hazina tofauti. Watu saba wa mawe ya Zuberi walisema walihisi joto likiwatambaa kiunoni. Wa kokoto waliohisi hivyo? Wanane!

Mwenyekiti wa soko, Mama Mwanjisi, akaitisha mkutano. Tausi akasoma hesabu yake. Bibi Nyemo akaonyesha daftari na nyuzi. Mnadhani watu walikasirika? Zuberi alicheka. "Hesabu za muuza mchicha! Kokoto za bibi mstaafu! Mimi nina mashahidi." Akawasha spika. Na watu, Mungu awasamehe, wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana na ile sauti tamu.

"Zima," mtu akasema kutoka nyuma.

Alikuwa Chilongani, ameshikwa na binti yake. Maneno yalimtoka kwa taabu, yakidondoka na mate.

"Hiyo ni sauti yangu. Nilisema hivyo siku ya nne ya kuvaa mkanda. Siku ya arobaini nilianguka. Nilijisikia vizuri kweli, sikudanganya. Lakini presha haiumi, ndugu zangu. Nilikuwa naharibika huku najisikia vizuri." Akatafuta pumzi. "Na Mbeleje, mke wa Mazengo, alikuwa anaogopa kuacha vidonge. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimfunga mkanda kwa mkono huu uliokufa. Yuko kaburini."

Hapo soko zima liliinuka. Mikanda ilivuliwa na kurushwa, Zuberi akapelekwa ofisi ya kata chini ya ulinzi, na kabla ya jua kuzama zahanati ilijaa watu wanaoomba vidonge vyao tena.

Kizimba cha langoni kikabaki kitupu. Wafanyabiashara wakaamua apewe aliyeuokoa mji. Ni nani?

"Tausi," wakasema wengine. "Anauza juani miaka yote, na bila yeye wale waliokaa kimya wasingehesabiwa." Wengine wakasema, "Bibi Nyemo. Bila yeye tungebaki na neno la huyu dhidi ya neno la yule. Na anataka kizimba apimie watu presha." Wengine wakasema, "Chilongani. Wenzake walileta ushahidi, na nyinyi hamkuusikia mpaka yeye alipojivua nguo mbele yenu. Binti yake atashonea pale."

Mazengo akasimama. "Mkimpa Chilongani, mtakuwa mmejenga duka juu ya kaburi la mke wangu."

Chilongani akajibu bila kuinua uso. "Ni kweli, Mazengo. Sikuja kuomba kizimba."

"Basi mbona hukuja mapema?" Mazengo akauliza.

Msiniambie wagawane. Kizimba ni hatua mbili kwa mbili, na meza ni moja. Mama Mwanjisi ameshika ufunguo, watu wamemzunguka, na mimi kila nikimchagua mmoja, wawili wananitazama.

Haya, ninyi mlionyamaza muda wote huu: ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?