Unajua, au Mnajua?

Najua mmechoka. Hata mzee wa hadithi hii alikuwa hoi. Someni, kisha mpitishieni mwingine.

Mzee Shekiondo alikuwa tarishi wa mfalme kwa miaka arobaini, na magoti yake yalishaanza kugoma. Mwaka ule mafuriko yalizoa daraja la kuvukia kinamasi. Ng'ambo ya kinamasi watoto walikuwa wanaharisha vibaya, mjukuu wake Zaituni akiwa mmoja wao. Dawa ilikuwa huku, kwa mfalme.

Waliokuwa wakivuka kinamasi kile ni wasuka mikeka sita tu, wanawake waliofuata ukindu. Mfalme akaamuru waletwe mmoja mmoja, wasije wakapanga maneno.

"Unajua njia?"

"Sijui, Mfalme wangu," alisema wa kwanza. "Mimi nafuata mgongo wa aliye mbele."

"Sijui," alisema wa pili. "Mimi nawaambia tu tope likianza kuwa baridi, maana hapo pana kina."

Siku tatu zikaishia hapo, wanawake wawili kwa siku, kwa vitisho na viapo. Shekiondo alisimama mlangoni akisikiliza, roho ikimuuma.

"Hakuna anayejua," mfalme aliamua. "Tutajenga daraja jipya."

"Kwa mwezi mzima?" Mzee alikuwa amechoka hata kuogopa. Akawaingiza wote sita bila ruhusa. "Jamani, mnajua njia?"

"Tunajua," wakajibu, kama watu walioulizwa iwapo wanajua kusonga ugali.

Mfalme akaruka kitini. "Waongo! Kila mmoja ameniapia kwamba hajui!"

"Na kila mmoja amesema kweli," alisema Shekiondo. "Hakuna aliyewahi kuvuka peke yake."

Mfalme akatoa dawa, na kesho yake alfajiri wakaondoka, mzee katikati, dawa kichwani. Njia nzima walibishana.

"Pita hapa!"

"Hapa wapi? Unataka tuzame?"

"Tope limepoa, rudini kushoto."

Wa mbele akawa wa nyuma, wa nyuma akawa wa mbele. Mzee akashindwa kuvumilia. "Nani hasa anayejua?"

"Babu, tembea," alisema Bi Mwantumu, msuka mikeka aliyekuwa nyuma yake. "Ukitutafutia mmoja tutapotea."

Adhuhuri walifika. Zaituni alikunywa dawa, akatapika, akanywa tena. Jioni akaomba uji, na babu yake akalia mbele za watu bila haya.

Kisha akajikokota hadi nyumba ya jirani na dawa ya mtoto wao wa kiume. Mama mtu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini polepole.

"Asante, baba. Tulimzika juzi."

Juzi mfalme alikuwa akimwapisha mwanamke wa tatu na wa nne.

Funzo: Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja anayelijua, ila wote pamoja wanalijua. Kabla hujasema watu hawajui, waulize wakiwa pamoja, na uwaulize mapema.