Mkeka wa Tunu

Hapo zamani, mawingu yalipokuwa bado yanalala juu ya paa za nyumba, waliishi dada wanne katika mji wa mlimani. Mkubwa aliitwa Riziki, akafuata Mashavu, kisha Tunu, na kitinda mimba wao Sikudhani. Mama yao alifariki Sikudhani akiwa na siku saba, akaenda ng'ambo ya mawingu.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Mwali akiwekwa ndani, husuka mkeka kwa ukindu uliolowekwa kwenye ukungu wa alfajiri. Siku ya kutolewa hutoka mikono wazi hadi mabegani mbele ya wanawake wote, na hapo mkeka wake hupata uhai. Utampeleka mtu mmoja tu, mara moja tu, akaketi na marehemu wake, kisha umrudishe kabla wali wa sherehe haujaiva. Mwali mwenyewe ndiye anayemchagua mtu huyo. Jua likizama hajachagua, basi, unabaki mkeka wa kulalia.

Sasa huyu Tunu alizaliwa na manyoya ya ndege mikononi, ya kijivu yenye madoadoa, toka begani hadi kiwiko. Aliyachukia mno. Kila wiki Riziki alimkalisha uani, akayang'oa moja moja na kumpaka mafuta ya ufuta.

"Vumilia, mdogo wangu, wasije wakakucheka."

"Muache!" Mashavu alifoka. "Amekosa nini?" Na aliyethubutu kumcheka Tunu kisimani alikiona cha moto. Mashavu alirudi gauni limechanika, wala hajutii.

Tunu akawekwa ndani miezi mitatu. Haingii mtu ila kungwi, na kungwi hang'oi manyoya ya mtu. Yakaota yote.

Siku ikafika. Ngoma zinalia, Tunu kashika kitasa. Nyuma ya mlango Riziki ananong'ona, "Nifungulie, nayamaliza sasa hivi." Mashavu anapiga kelele, "Toka hivyo hivyo ulivyo!" Tunu hakuweza hili wala lile. Aliona haya hadi akatamani awe moshi, apenye darini.

Mara akasikia kicheko. Akachungulia. Sikudhani, mtoto wa miaka minane, alikuwa amejibandika manyoya ya kuku mikononi kwa uji wa muhogo, anacheza peke yake katikati ya uwanja. Kila akiruka, unyoya unadondoka. Wanawake wanacheka, naye analia, lakini haachi kucheza.

Tunu akafungua mlango.

Jua lilipoyapiga manyoya yake, yalitanuka yenyewe, polepole. Kisha kikatoka kigelegele kimoja, na vingine vikafuata. Tunu akaitazama mikono yake kwa mara ya kwanza bila kuichukia. Akaipenda. Miguuni pake mkeka ukatikisika, ukainuka shubiri moja.

Riziki akasema, "Nimewalea, ujana wangu umeishia jikoni. Kukung'oa nilikosea, nakiri. Ila nimechoka, Tunu. Nataka mama anishike kichwa, mara moja tu."

Mashavu akasema, "Toka mwanzo nilikwambia u mzuri, ukakataa kunisikia. Mama alikufa siku niliyogombana naye. Sijamwomba radhi."

Sikudhani akajifuta kamasi. "Mimi, dada, sijui hata sura yake."

Moyo wa Tunu ulikuwa unamwambia jambo ambalo hajawahi kulitaka: aketi yeye, amwonyeshe mama mikono yake iliyo wazi, amuulize ameirithi kwa nani. Na kwani nani aliyeusuka mkeka? Nani aliyefungua mlango? Akawatazama dada zake watatu, akawapenda wote. Jua lilikuwa limebakiza vidole viwili kugusa mlima.

Haya, nyie mnaonisikiliza, semeni upesi kabla halijazama: je, nani alistahili kuketi juu ya mkeka ule?