Fundi Pimbi na Redio Mbili za Mlimani

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana redio zilikuwa zimeshafika na betri zilizoisha zilianikwa juani pamoja na mihogo, wanyama wa bondeni walikuwa na kisima kimoja. Kimoja tu. Wewe hapo mlangoni, usinionyeshe vidole viwili. Nimesema kimoja.

Kisima hicho kilikuwa kirefu, na kila kiangazi tope liliifunika chemchemi yake. Nyati hawezi kushuka humo, ni mpana. Punda milia anashuka, lakini hana pa kufungia kamba ya kuvutia ndoo. Basi walikuwa na desturi: punda milia chini wakichimba, wenye pembe juu wakivuta. Wakimaliza wananywa wote, wanatukanana kidogo, wanarudi makwao. Hivyo miaka yote.

Mwaka huo zikaanza redio mbili.

Alasiri ilisikika Redio Pembe. Mtangazaji wake alikuwa Bwana Ngao, sauti nzito, gogogo! "Ndugu zangu wenye pembe! Mmelala? Wenye milia hawalali! Wanazaana, wanajaa! Leo wanataka kisima, kesho watataka pembe zenu!"

Magharibi ilisikika Redio Milia. Mtangazaji wake alikuwa Mama Salama, sauti nyembamba. "Wanangu wenye milia, jamani! Mmelala? Wenye pembe hawalali! Leo wanataka kisima, kesho watataka ngozi zenu waziteke!"

Sijui kuteka ngozi ni kufanyaje. Na wao hawakujua. Waliogopa tu.

Kila kipindi kilipokwisha ilisikika "Hiiii-hi-hi!" Wasikilizaji walidhani ni muziki.

Wenye pembe wakafunga milango. Wenye milia wakafunga madirisha pia. Kisima kikabaki na tope lake.

Sasa, alikuwako Pimbi, fundi redio. Pimbi mnamjua: mdogo, hana pembe, hana milia, hata mkia hana. Kwa sababu hiyo kila nyumba ilimfungulia. Alikuwa na bisibisi, koleo, chupa ya gundi na watoto watatu. Watoto hao walikuwa wakilamba umande kwenye mawe, na umande wenyewe ulikuwa umeanza kukatika. Yule mdogo hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililomtisha Pimbi, mama yake.

Akaenda kwa Mzee Nyati, mwenyekiti wa wenye pembe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Funga mlango, punda wako nje!"

"Nje kuna kuku."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Mzee wangu, lini tunafukua kisima? Wanangu wanakauka."

"Tufukue na nani? Na wenye milia? Wametia sumu kisimani!"

"Nani kaona?"

"Redio."

Pimbi akaenda kwa Bi Punda Milia, kiongozi wa upande wa pili. Akakuta maneno ni yale yale, yamebadilishwa shati tu. Huko waliotia sumu walikuwa nyati.

Akakuna kichwa. Akapanda mlimani zilikokuwa redio hizo, tiki, tiki, tiki, jiwe hadi jiwe. Juu kulikuwa na kibanda kimoja chenye vibao viwili. Akachungulia. Ndani alikuwamo Fisi peke yake. Fisi akavuta pumzi, akatoa kifua: "Hii ni Redio Pembe!" Akanywa kikombe cha maji, akabana pua: "Hii ni Redio Milia!" Alikuwa akifanya mazoezi. Kisha akajipapasa tumbo.

"Yule mzee wa punda milia, Kibogoyo, kafa kwa kiu, nyama laini kabisa," alijisemea. "Wiki moja zaidi bila maji, bonde lote litajileta lenyewe. Kuwinda ni kwa wasio na redio. Hiiii-hi-hi!"

Pimbi akashuka mbio. "Mzee Nyati! Ni Fisi! Redio zote mbili ni Fisi!"

Nyati akamtazama kwa huruma. "Fundi, wewe huna pembe. Uchungu wa pembe utaujulia wapi?"

Akaenda kwa Bi Punda. Bi Punda akamwambia, "Mwanangu, huna hata mstari mmoja. Mambo haya ni mazito kwako."

Pimbi akaona kwamba ukweli hauingii mlangoni. Itabidi upitie dirishani.

Jumatano, Fisi akatoa amri kwenye redio zote mbili. "Ijumaa asubuhi wale wanakuja kukiteka kisima! Nendeni mkawawahi! Nitatangaza moja kwa moja! Na kuanzia sasa, kila mwenye redio agandishe kitufe cha stesheni kwa gundi, asije mtoto akafungulia redio ya adui!"

Gundi anayo nani? Haya. Akaitwa fundi.

Nyumba za wenye pembe akagandisha. Nyumba za wenye milia akagandisha. Alifanya kazi safi sana. Kosa lake lilikuwa moja tu: za wenye pembe aliziweka kwenye Redio Milia, na za wenye milia kwenye Redio Pembe.

Alhamisi alasiri, kwa Bi Punda Milia, redio ikanguruma: "Hii ni Redio Pembe!" Wakaruka. Wakakimbilia kuizima, mmoja akasema, "Ngojeni, tusikie siri zao." Wakakaa. Bwana Ngao akasema anaye mgeni aliyetubu, Bi Punda Milia mwenyewe. Sauti nyembamba ikaeleza jinsi ilivyobeba magunia saba ya sumu Jumapili, ikayamwaga kisimani huku ikiimba.

Jumapili Bi Punda alikuwa kwenye matanga ya mjomba wake Kibogoyo, aliyeanguka njiani alfajiri ile kwa kukosa maji. Alilia siku nzima mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima ulikuwa hapo ukimtazama.

Magharibi ikawa zamu ya wenye pembe. Walijaa kwa Mzee Nyati, naye kalala, goti lililovimba juu ya mto.

"Hii ni Redio Milia, wanangu! Leo nina mgeni, Mzee Nyati mwenyewe. Ameona aibu, amekuja kuungama. Karibu, Mzee."

"Asante, Mama Salama," ikasema sauti nzito. "Ni kweli. Jumapili mimi Nyati nilimkanyaga Kibogoyo, puu! Kisha nikakimbia mpaka mlimani, nikanoa pembe, nikacheza ngoma mpaka asubuhi."

Mama Nyati akamgeukia mumewe.

"Kumbe unakimbia."

"Mke wangu, Jumapili nilikuwa kitandani!"

"Najua. Mimi ndiye niliyekukanda."

"Hiiii-hi-hi!" redio ikamalizia.

Swala akasimamisha masikio. "Mbona hicho ni kicheko cha Bwana Ngao?"

Hapo hapo mlangoni: "Hodi! Gundi imeshika?"

"Fundi!" Nyati akafoka. "Umetuwekea stesheni ya adui! Uongo mtupu!"

"Loo, samahani, Mzee. Lakini umejuaje kwamba ni uongo?"

"Si ananisema mimi! Mimi sijijui?"

"Kweli. Na lile la Bi Punda kutia sumu, ulijuaje kwamba si uongo?"

Nyati akaanza kulichunguza goti lake kana kwamba limeletwa leo.

Msidhani waliamka Ijumaa wakakumbatiana. Hofu ikishaingia nyumbani haitoki kwa kuambiwa tokomea. Walikwenda kisimani kama walivyoagizwa, wenye pembe upande huu, wenye milia upande ule, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Watoto walikuwa wamefichwa majumbani. Angekohoa mtu tu, leo bonde lingekuwa makaburi.

Katikati akaja Pimbi, redio kichwani. Akaitua juu ya jiwe, akaifungua.

"Wasikilizaji! Vita vimeanza!" Fisi alikuwa akitangaza kwa kasi kama mtangazaji wa mpira. "Nyati anakwenda, anakwenda, anampiga Bi Punda, puuu! Bi Punda chini! Punda wanajibu kwa mateke, pa! pa! pa! Damu, wasikilizaji! Damu hadi magotini!"

Wenye pembe wakatazama magoti yao. Wenye milia wakatazama ya kwao. Vumbi tu.

"Bi Punda Milia amekufa!" redio ikalia.

Bi Punda akasikiliza tangazo la kifo chake mpaka mwisho. Kisha akamtazama Nyati anavyochechemea, akasema, "Mzee Nyati. Goti vipi?"

"Linasumbua," Nyati akajibu. Akameza mate, hakuwa nayo mengi. "Bi Punda, nimesikia habari za mjomba. Pole. Nilipaswa kuja matangani."

"Tungekufungia mlango."

"Najua. Ningekuja hata hivyo, nikae nje."

Bi Punda akalia. Na Nyati, mwenyekiti mzima, akalia pia. Mimi sioni aibu kulisema.

Pimbi akakohoa. "Samahani, wazee wangu. Mtangazaji yuko juu pale. Njia ninaijua."

Wakapanda. Wenye pembe na wenye milia, bega kwa bega, ardhi ikitikisika, di! di! di! di! Kibandani Fisi alikuwa amefumba macho kwa utamu, mate yakimdondoka kwenye kipaza sauti, akihesabu maiti. Alipofika ya arobaini akasikia mtikisiko. Akafumbua jicho moja, akachungulia dirishani.

"Wasikilizaji!" akapiga kelele, na sauti zote mbili zikamtoka kwa pamoja, nzito na nyembamba. "Wanakuja! Wenye pembe na wenye milia! Wanakuja pamoja! Jamani, ni kweli! Safari hii ni kweli!"

Na ilikuwa kweli. Tangu aanze kutangaza, hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kweli kutoka kinywani mwake, na hakuna aliyeisikia, kwa maana wasikilizaji wake wote walikuwa mlangoni.

Hawakumpiga. Vijana walitaka, Bi Punda akakataa. Walimfunga kamba kiunoni, wakamshusha kisimani zamu ya kwanza. Alichimba tope mpaka adhuhuri, na kila alipotaka kupumzika Bi Punda aliyekuwa kando yake alimuuliza kwa upole, "Mama Salama, umelala? Wenye milia hawalali." Juu, Nyati alivuta kamba, akichechemea.

Alasiri maji yakatoka. Bluu-bluu-bluu! Ndoo ya kwanza walimpa Pimbi. Akaikimbiza kwa watoto wake. Wawili walikunywa wakigombana. Yule mdogo alikunywa kimya, akapumzika, akanywa tena, kisha akalia kwa sauti kubwa, mama yake akakaa chini na kucheka.

Hadithi yangu imeishia kwenye ndoo. Mwenye kiu na achote.

Ukiambiwa jirani yako ni mbaya, nenda kamuulize yeye ameambiwa nini juu yako.