Ngiri Aapa Kurekebisha Nyumba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikandika nyumba na kuazimana chumvi, Nguchiro mmoja mdogo aitwaye Siwema aliishi na bibi yake kipofu ndani ya kichuguu.

Bibi aliijua nyumba ile kwa vidole: hapa kitanda, pale mtungi, kule jiko. Humo hakuhitaji kushikwa mkono.

Masika moja paa likaporomoka, porr! Kulipokucha, jirani yao Ngiri, mwenye shingo nene na meno yaliyochomoza, akaja na Korongo, mjumbe wa kijiji.

"Nyumba imewashinda," akasema Ngiri. "Naichukua mimi, niibadilishe. Nyinyi mtafute pengine."

Bibi akapapasa ukuta kwa mkono. Siwema akautazama ule mkono. Nguvu za kupigana hakuwa nazo.

"Mjomba," akasema taratibu, "hatuwezi kukuzuia. Ila apa mbele ya mjumbe kwamba utairekebisha kweli nyumba ya bibi, isije ikavuja tukachekwa."

"Kubadilisha, kurekebisha, si yale yale?" Ngiri akakoroma. "Naapa kwa meno yangu, nitairekebisha nyumba ya bibi yako."

"Nimesikia," akasema Korongo.

Ngiri akafanya kazi, akachimba na kukandika, khrubu, khrubu. Siwema akamtekea maji. Kila Ngiri alipotaka kusogeza mtungi au jiko, Siwema alimwambia, "Huko ni kubadilisha, mjomba. Wewe uliapa kurekebisha." Ngiri akaguna, akaviacha.

Paa lilipokamilika, akaleta mkeka wake mlangoni. "Haya, tokeni."

"Tutoke kwa nini?" akauliza Siwema. "Anayebadilisha huweka kingine mahali pa cha kwanza. Anayerekebisha huondoa kasoro tu, vilivyomo vikabaki. Na bibi yumo."

Ngiri akamgeukia Korongo, aliyekuwa amekuja kuikagua kazi.

"Uliapa kurekebisha," Korongo akamjibu. "Kiapo ni kiapo."

Ngiri akavimba kwa hasira. Lakini ndani Bibi alikuwa akitembea peke yake, akigusa kitanda, mtungi, jiko. Akafika mlangoni, akampapasa Ngiri shavuni.

"Hukusogeza hata kitu kimoja, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Tangu mama yake afariki, hakuna aliyewahi kumwita Ngiri mwanangu. Akakunja mkeka wake. Akaomba maji, akanywa, akaenda kwake.

Nanyi, wanangu, maneno mawili yakifanana sura, yapimeni kabla ya kuyaapia.