Eksi Kwenye Kiganja cha Bi Harusi

Amani iwe juu yenu, dada zangu, na juu ya simu zenu pia, maana naona ziko macho kuliko nyinyi.

Kuna mmoja wetu humu, simtaji, jana alitoka maktaba ananyoosha mgongo, ananiambia, "Nimesoma saa sita." Nikamuuliza kurasa ngapi. Akasema nne. Dada yangu, umekaa saa sita. Kukaa nakukubalia, hata kiti ni shahidi yako. Kusoma ndiko nitakakokupinga, na mtihani una wiki mbili tu.

Basi nipeni muda wa kuchemka birika moja la chai niwape mfano.

Palikuwa na binti mmoja, mchora hina. Mkono wake, mashallah. Akikuchorea ua, nyuki anaweza kukosea njia. Alifunzwa na bibi mmoja aliyewapaka hina akina mama wa mtaa ule na mabinti zao, na siku anamkabidhi kazi alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, hina haina kifutio."

Binti akasikia. Kusikia alisikia. Lakini alikuwa na simu, na simu yenyewe aliiegemeza kwenye bakuli la hina, inamtazama usoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa chakula. Mkono wa kulia unaminya koni ya hina, dole gumba la kushoto linajibu ujumbe. Bibi akipita akaguna, binti anamwambia, "Bibi, mimi naweza vyote viwili. Nyinyi wa zamani ndio mlikuwa mnafanya kimoja kimoja."

"Tulikuwa tunafanya kimoja," bibi akasema, "kikaisha." Akaenda zake.

Siku moja binti akaitwa kumchora bi harusi, na harusi hii ilikuwa na mashaka yake. Bwana harusi anaitwa Salimu. Mama yake Salimu alikuwa hamtaki yule msichana. Miaka mitatu anakataa, hana sababu, ana kichwa kigumu tu. Miaka mitatu watoto wa watu wanangoja. Mwisho moyo ukalainika, akasema, haya, nitakuja.

Sasa desturi ya mji ule ni kwamba jina la bwana harusi huandikwa kwa piko, ule wino mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa machozi, katikati ya kiganja cha bi harusi. Kabla hajatolewa nje, mama mkwe huja, huushika ule mkono, hulisoma jina la mwanawe kwa sauti. Akilisoma, vigelegele, mkwe amepokelewa. Asipolisoma hakuna harusi, kuna watu waliovaa vizuri tu.

Kwa hiyo bi harusi yule alikuwa anangoja nini? Dhahabu? Gari la maua? Alikuwa anangoja sauti ya mama mmoja, itamke neno moja.

Maua yakaenda vizuri mpaka kwenye viwiko. Likabaki jina. Bi harusi akafungua kiganja, akasema, "Shoga, hapa ndipo penyewe. Nakuomba."

"Wewe tulia. Hii kazi naifanya nimefumba macho."

Simu ikatetema. Rafiki yake anauliza: *xhoga, umemaliza? xaxa unakuja xaa ngapi?*

Mnaijua lugha hii. Msinitazame hivyo. Ni ile lugha ambayo herufi S imefukuzwa nchini, na nyumba yake amepewa X. Binti akajibu kwa dole gumba: *namalizia jina la bwana haruxi, xubiri kidogo*. Hapo hapo mkono wa kulia ukashuka kwenye kiganja, ukaandika herufi ya kwanza. Simu ikatetema tena, imekuja picha. Akacheka, akajibu, akarudi, akaona ameacha pengo. Akalijaza kwa kaua kadogo ka haraka haraka, akamalizia herufi zilizobaki. Kazi imekwisha. Hakuona kasoro, na angeionaje? Jicho lake lilikuwa na miaka minne limezoea.

Mtauliza, bi harusi naye je? Bi harusi alikuwa amefumba macho anamwomba Mungu.

Baada ya adhuhuri, piko limekwisha kauka, mama mkwe akaingia na miwani yake. Akaketi. Akaushika mkono, akausogeza dirishani kwenye mwanga.

"A... li... mu." Akainua uso. "Alimu ni nani?"

Mdogo wake Salimu, wifi wa bi harusi, akachungulia begani kwa mama yake. Mtoto wa mjini yule. "Mama, na hii ya mbele ni eksi."

"Eksi ndiyo nini?"

"Mtu wako wa zamani, mama. Mliyeachana. Siku hizi ndiyo wanamwita eksi."

"Kwa hiyo mkwe wangu ameniandikia kiganjani jina la mtu wake wa zamani."

"Na ua, mama. Kamwekea na ua."

Shangazi mmoja wa pembeni akauliza polepole, "Yule maalimu wa madrasa ya hapo nyuma, jina lake nani vile?" Akakanyagwa mguu.

Bi harusi machozi yanamtoka na wanja wake. "Mama, wallahi simjui Alimu. Tangu nizaliwe sijapata kumjua Alimu hata mmoja."

"Mimi pia simjui," mama mkwe akasema, anakusanya buibui lake. "Lakini naona amefika kabla yangu."

Miaka mitatu, dada zangu, ilikuwa inatoka mlangoni kwa sababu ya herufi moja.

Mchora hina angeweza kunyamaza. Angekunja koni zake akapotea, na Alimu angebeba lawama yote, mtu wa watu hata hajazaliwa. Lakini alikuwa na haya, na haya ni nusu ya dawa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akampa mama mkwe. "Mama, usimlaumu huyu. Soma hapa."

Mama mkwe akairudisha miwani puani. "Eks-hoga... eks-aks-a..." Akasimama. "Hii ni dawa gani imeandikwa hapa? 'Namalizia jina la bwana haruksi.' Na huyu Haruksi naye ndiye nani tena? Wangapi jamani?"

Chumba kikapasuka. Wifi alikaa chini kabisa. Mama mkwe alijikaza, alijikaza, mdomo ukamshinda. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso.

"Kumbe aliyeibiwa si mwanangu," akamwambia yule binti. "Aliyeibiwa ni wewe. Umeibiwa herufi nzima, na hukusikia hata mlango ukifunguliwa."

"Nisamehe, mama."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini mimi sisomi jina lisilo la mwanangu. Watu wanakuja alasiri. Tengeneza."

Na hapa mama yule akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu katika hekima. Aliichukua ile simu, akaiweka kitini, akaikalia. Na alikuwa mama kweli kweli, mtu wa kujaa kiti.

Binti akainama juu ya kiganja. Kiti kikatetema. Bega la binti likaruka.

"Mkono," mama mkwe akasema.

Kikatetema tena. Jicho likakimbilia kitini.

"Nimesema mkono. Huku kwangu kuna nini cha kutazama?"

Mara ya tano alimeza mate tu. Mara ya kumi na tano kiti kilitetema mpaka shangazi akageuka, yeye hakusikia. Kichwani mwake vyumba vyote vilikuwa vimefungwa, kimebaki kimoja, na ndani yake kuna kiganja peke yake. Ile X akaizungushia petali, nane, nyembamba kama kucha ya mtoto, ikawa ua. Kale kaua ka pengo, shina lake akalipinda kwa juu, akalipinda tena kwa chini, taratibu, anashikilia pumzi. Likawa S.

Mama mkwe akainuka. Akausogeza mkono dirishani. Akakohoa kidogo.

"Sa-li-mu," akasoma. Akasoma mara ya pili bila kuombwa. "Salimu. Huyo ndiye wangu. Na wewe uliyembeba, wangu."

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata maalimu wa madrasa alivisikia.

Kisha mama mkwe akamrudishia binti simu yake, ya moto. "Wamekutafuta mara arobaini na moja. Nimehesabu nikiwa nimekaa."

Binti akafungua. Ujumbe arobaini na moja. Wa kwanza ni picha ya paka aliyevaa kofia. Arobaini waliobaki ni watu wanaomcheka paka.

Hapo ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Sisi tunapenda kusema simu inakula muda. Hoja hiyo ni dhaifu, naiangusha mwenyewe. Muda ukiliwa, kesho Mungu akijaalia utapewa mwingine. Simu inafunza mkono. Inafunza jicho kuruka, bega kuruka, inakupa tabia ya kuanza sentensi na kutoka kabla ya nukta. Halafu siku unaiacha bwenini, unaingia kwenye mtihani mikono mitupu, unadhani uko peke yako. Hauko peke yako. Mwalimu anasahihisha, anakutana na eksi.

Nanyi mnaosema "mimi naweza vyote viwili," nawajibu kwa upole kama nilivyolelewa. Yule binti naye aliweza. Alichora na akachati, vyote akavimaliza. Mnataka niwasomee alichoandika?

Lakini tazameni pia upande wa pili, maana sikuja kuwaliza. Mkono ule ule uliokosea ndio uliotengeneza. Mungu hakumletea mkono mwingine. Ilihitajika saa moja, kitu kimoja, na mtu mzima wa kuikalia simu. Na mara ya kwanza kiti kilipotetema, bega liliruka. La kwako nalo litaruka. Liache liruke, wewe rudi kwenye ukurasa. Kufikia mara ya kumi na tano utakuwa umefika mahali ambapo hata paka mwenye kofia hakufikii.

Wengine wetu tunangojewa na mama aliyeuza maandazi ili tuketi hapa, siku ya mahafali avae miwani yake atafute jina letu kwenye orodha. Alikute limeandikwa sawasawa.

Sasa hicho kikapu kinachozunguka si cha sadaka, msitoe sarafu. Tieni simu. Tunasoma mpaka adhana ya magharibi, mimi nitakikalia. Si mzito kama yule mama, lakini nina hasira, na hasira ina uzito wake.

Yangu ndiyo ile ya chini kabisa, inayotetema sasa hivi. Iacheni. Kama ni Alimu, atapiga tena.